Kijiti

Shangazi Mwanamkuu aliniachia nyumba barabara ya kumi na tisa,
bati lenye kutu, deni la maji la miezi mitano,
na huu mti kwenye ndoo ya rangi, pembeni mwa sebule.
"Nyumba uza ukitaka," alisema. "Huo usiutupe."
Jina lake hakunitajia.

Mti umefika darini, umekosa pa kwenda,
umeinama kama mtu mrefu mlangoni mwa watu wafupi,
kisha umetambaa na ukuta kulifuata dirisha.
Chini ni shina tupu, makovu ya majani yaliyoanguka,
pete juu ya pete.
Juu ni vurugu: majani marefu, ncha zake kahawia,
vumbi la Ngamiani limeyalalia kama poda.
Ndoo imepasuka. Mzizi mmoja umetoka
unapapasa sakafu.

Nikaanza kuuliza.
Mtoto wa jirani: "Mhindi huu. Mbona hauzai?"
Fundi Kaniki, aliyekata mkonge ujana wake wote,
akalipinda jani, akalinusa: "Ni ndugu wa mkonge,
ila huyu kalelewa ndani, hana mwiba hata mmoja."
Muuza dawa za asili pale Mgandini
akataka elfu mbili kwanza, ndipo akumbuke.
Nikampa. Hakukumbuka.

Ni Mama Aikande, mjane wa reli,
aliyekuja kurudisha sufuria, akasimama kizingitini
kama aliyekutana na mtu wa kwao.
"Isale," alisema, na sauti ikashuka.
"Nani alikuja kuwaomba radhi?"

Akanieleza. Kwao mlimani, mwenye kosa
hulipiga fundo jani hili, akalibeba hadi kwa aliyemkosea,
na aliyekosewa, hata kama moyo unatokota,
hawezi kulikataa.

Hapo nikaisikia sauti ya Shangazi,
kisa alichokirudia kila Idi akivaa vipuli vya shaba:
karani wa stesheni, mpole, shati jeupe,
aliyeazima herini za dhahabu za marehemu bibi
akaziweke rehani, wiki moja tu.
Ikawa miaka miwili. "Na siku aliyorudi,
herini za mama yangu! Akaniletea kijiti!
Kijiti, na jani lake limepigwa fundo!
Nikamwambia, bwana we, kuni ninazo."

Yule akaondoka, asielewe kwa nini hakujibiwa.
Huyu akabaki, asielewe kwamba ameulizwa.
Na kijiti akakitia kwenye kopo la maji;
kukitupa, alisema, ni israfu.
Miaka thelathini na moja alikinywesha,
akikitukana.

Mama Aikande akaniletea kisu. "Kata, usiogope.
Huu haufi kwa kisu, hufa kwa maji mengi."
Nikakata usawa wa goti. Shina likatoa vipande vya shubiri shubiri,
kila kimoja tukakitia alama ya mkaa upande wa juu,
maana kikisimamishwa kichwa chini hakioti,
kinangoja tu mpaka kioze.
Kisiki tukakipaka nta ya mshumaa.
Majani yaliyobaki tukayafuta kwa kitambaa chenye maji,
moja moja, kama mtu anayemnawisha mgonjwa uso.
Ndoo nyingine, matundu chini, udongo na mchanga.
Karibu na dirisha, si juani.

Wiki ya saba kisiki kimetoa macho mawili,
yamechomoza kama meno ya mtoto.

Kipande kimoja nimekifunga gazeti.
Kesho nakipeleka Pongwe kwa kaka yangu Mbelwa,
ambaye mabati yake niliyauza mwaka juzi
nikasema yameibwa.
Mbelwa hajui mambo ya mlimani. Atakigeuzageuza,
atauliza ni mti gani, unamwagiliwa mara ngapi.
Itabidi nimjibu.
Halafu itabidi nilitoe na lile jingine,
kwa mdomo.